Anayewaza Mno: Somo juu ya Ugonjwa wa Akili Nyumbani

Somo letu la mwezi huu linahusu ugonjwa ambao nyumba nyingi zinao au zimewahi kuwa nao, lakini ni chache zinazoutaja kwa jina. Mtu akiugua malaria, jirani hupita asubuhi akauliza kwa sauti pale mlangoni, "Amepimwa? Amepewa dawa gani?" Mtu akivunjika mguu, watu humletea machungwa na kukaa naye hadi jioni. Lakini mtu akiugua akili, mlango hufungwa. Watoto huambiwa wasiseme shuleni, na mgeni akipiga hodi mgonjwa husukumwa chumba cha nyuma. Hata wale wanaokwenda kuwatazama wagonjwa kila juma huweza kupita nje ya nyumba ya namna hiyo mwaka mzima wasijue kwamba ndani mna mgonjwa.

Hospitali ya Mirembe pale Dodoma ilifunguliwa mwaka 1927, na watu waliotoka pale wakarudi kulima, kufundisha na kulea watoto wao ni wengi mno. Sasa ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili. Lakini mitaani jina lake limegeuka kuwa tusi, vijana wakitaniana husema, "Huyu wa Milembe." Wenzetu wa Nairobi hufanya vivyo hivyo kwa jina la Mathari, na wa Kampala kwa jina la Butabika. Hospitali ya mifupa haina tusi lake, wala ya macho. Basi si ajabu kwamba watu huja na mgonjwa wa akili wakati mambo yameharibika kabisa, baada ya kuuza mbuzi wote na kuzunguka kwa waganga wa mikoa mitatu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nao hawakubagua maradhi ya mwili na ya akili.

Jambo ambalo twataka kulisema katika somo hili ni hili: mtu wa kwanza kuuona ugonjwa wa akili si daktari. Ni mtu wa nyumbani au jirani. Na yale anayoyafanya mtu huyo wa kwanza, kabla daktari hajaonekana, ama ni mwanzo wa tiba ama ni mwanzo wa madhara.

WALE TUSIOWAONA

Tukisikia "ugonjwa wa akili" wengi wetu tunamwona yule aliyevaa magunia pale sokoni, anayesema peke yake. Huyo ni mgonjwa kweli, na anastahili kutibiwa. Lakini wagonjwa walio wengi hawafanani naye. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu mmoja katika kila wanane duniani alikuwa na tatizo la akili la aina moja au nyingine. Ukiwahesabu watu waliomo katika daladala moja utaona kwamba hatuwezi kuwa tunazungumza juu ya watu wa sokoni tu.

Wengi wao ni wale ambao sisi Waswahili husema, "Ana mawazo." Ni neno zuri, nasi twafikiri linasema ukweli kuliko maneno mengi ya kitaalamu. Mtu wa namna hiyo hulala saa nane za usiku macho wazi, akihesabu mabati. Chakula hakipiti. Kazi aliyokuwa akiipenda, iwe ni kuimba kwaya au kupalilia bustani, humchosha kabla hajaianza. Hujiona hana faida kwa mtu yeyote. Madaktari wa siku hizi huuita ugonjwa huu sonona, na hutazama kama hali hiyo imekaa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, na kama imemzuia mtu kufanya shughuli zake.

Mara nyingi mgonjwa mwenyewe hasemi habari za moyo wake. Husema habari za mwili. Kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, mgongo unauma, mwili umechoka. Hupimwa malaria, haimo. Hupimwa tena mahali pengine, hupewa dawa za malaria hata hivyo, na hurudi nyumbani na maumivu yale yale. Kwa wanaume huweza kujificha zaidi, maana mwanamume amefundishwa kutolia; ataingia kilabuni saa nne asubuhi, atakuwa mkali kwa watoto, na watu watasema amekuwa mlevi. Huenda ni mlevi. Lakini yafaa kuuliza ulevi ulianza lini, na kabla ya ulevi kulikuwa na nini.

Hapa hatuna budi kutenganisha mambo mawili. Mtu aliyefiwa na mwenziwe akalia, akakosa usingizi na kukonda, si mgonjwa wa akili. Anaomboleza. Desturi zetu za matanga, za watu kulala pamoja na wafiwa na kuwapikia, zilibuniwa na watu walioijua sana nafsi ya mwanadamu. Tatizo huwa pale matanga yakishaanuliwa. Watu wote wameondoka, sufuria zimerudishwa kwa wenyewe, na mjane amebaki peke yake na ukuta. Miezi ikipita naye hazidi kupata nafuu bali anazidi kuzama, ndipo yafaa kufikiri kwamba huzuni imegeuka ugonjwa.

BENCHI LA MABIBI WA HARARE

Twapenda sasa kuwapeleka wasomaji wetu hadi Zimbabwe, maana huko kumefanyika jambo ambalo mtaa wowote waweza kujifunza kutoka kwake.

Daktari Dixon Chibanda ni mmoja wa madaktari wachache sana wa magonjwa ya akili katika nchi hiyo. Mwaka 2005 alimpoteza mgonjwa wake mmoja, msichana aliyejiua. Msichana huyo na mama yake walikuwa wamekwisha kuamua kuja kumwona, lakini hawakuwa na nauli ya basi. Daktari ameieleza habari hii mbele ya watu mara nyingi, na amesema ndiyo iliyomfanya aone kwamba haitoshi kukaa hospitalini na kungoja watu wafike.

Basi mwaka 2006 alianza kazi katika mtaa wa Mbare, mjini Harare. Hakupewa wauguzi, maana walikuwa na kazi nyingi, wala hakupewa chumba, maana vyumba vilikuwa vimejaa. Alichopewa ni mabibi 14. Walikuwa akina mama wazee wa mtaa ule, waliokuwa wakifanya kazi za afya za kujitolea, wengi wao wakiwa na elimu ndogo. Kwa kuwa hapakuwa na chumba, waliweka benchi nje, chini ya mti, katika uwanja wa zahanati. Mwanzoni benchi lile liliitwa benchi la afya ya akili, na watu hawakutaka kulikalia. Ni mabibi wenyewe waliosema jina libadilishwe, nalo likaitwa Benchi la Urafiki. Ndipo watu wakaja. (Turudi kidogo kwenye habari za Mirembe na matusi ya vijana, tutaona kwamba jina si jambo dogo.)

Mabibi wale walikataa pia maneno ya kigeni ya ugonjwa. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza mno. Msomaji ataona mara moja kwamba ndilo lile neno letu la mawazo. Mtu akiambiwa ana ugonjwa wa akili atakataa na kuondoka. Akiambiwa, "Nakuona unawaza mno, mwanangu," ataketi.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Bibi humsomea mgeni wake maswali 14 kuhusu usingizi, hofu, machozi, na mawazo ya kujiua. Kisha humwacha aseme, nayo hatua hii huitwa kufungua akili. Mtu huweka shida zake zote mezani: mume hana kazi, mtoto ana homa, kodi ya nyumba imepita, virusi vya UKIMWI vimegunduliwa katika damu. Bibi hamwambii la kufanya. Humsaidia kuchagua shida moja tu kati ya zile, iliyo karibu na mkono, na wao wawili hutafuta hatua moja ndogo ambayo huyo mtu ataichukua kabla ya kuonana tena. Juma lifuatalo hurudi, wakaangalia imekwendaje. Hukutana hivyo mara sita hivi. Baadaye mtu hukaribishwa katika kikundi cha wenzake waliopita benchini, ambako akina mama hufuma mifuko kwa mikono huku wakizungumza. Mgonjwa akizidiwa, au akisema anataka kujiua, bibi humpeleka kwa mkubwa wake wa kazi siku ile ile.

Wako watakaosema hayo ni mazungumzo ya wanawake tu. Basi yalipimwa. Watu 573 katika zahanati 24 za Harare waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida pamoja na maelezo, na jingine lilikwenda benchini. Matokeo yalitolewa Desemba 2016. Baada ya miezi sita, katika kundi la kwanza karibu nusu ya watu bado walikuwa na dalili za sonona. Katika kundi la benchi walikuwa 14 hivi tu kwa kila 100. Tangu hapo mabenchi ya namna hiyo yamefika Malawi, Zanzibar, na hata jiji la New York.

Twaomba msomaji asichukulie kwamba kila mzee anayependa kutoa mashauri amekwisha kuwa bibi wa benchi. Mabibi wale walifundishwa, walisimamiwa, nao walijifunza jambo gumu kuliko yote, yaani kunyamaza. Wengi wetu, mtu akianza kueleza shida yake, humkatiza kabla hajamaliza: "Hata mimi yalinipata," au "Jikaze, mwanaume halii," au "Mshukuru Mungu, wako walio na shida kuliko wewe." Maneno hayo hutoka kwa moyo mwema, lakini kila moja ni kifuniko cha sufuria.

KILA UMRI NA MLANGO WAKE

Ugonjwa huu hauji kwa namna moja katika maisha yote. Wataalamu husema kwamba nusu hivi ya matatizo ya akili yanayompata mtu katika maisha yake huwa yameanza kabla hajafika miaka 14 au 15. Mtoto hana maneno ya kusema "nina huzuni". Huanza kukojoa kitandani tena baada ya kuacha, au huumwa tumbo kila asubuhi ya shule, au aliyekuwa wa kumi darasani huwa wa arobaini. Kabla ya kuchukua fimbo, mzazi aulize kuna nini shuleni, au nani anamtisha, au ni nani anayemwingilia. Kwa kijana wa sekondari aliyefeli mtihani, tunasema jambo moja tu: siku ya matokeo asiachwe peke yake. Duniani, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29.

Juu ya mama aliyejifungua twataka kukaa zaidi, maana hapa furaha ya watu wengine humfunga mgonjwa kinywa. Mtoto amezaliwa, vigelegele vimepigwa, uji wa pilipili manga unapikwa, na mama mzazi analia. Siku za kwanza machozi ni ya kawaida, nayo hukauka yenyewe katika juma moja au mbili. Lakini kwa wengine hayakauki. Katika nchi zetu zinazoendelea, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mama mmoja katika kila watano hupata ugonjwa wa akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Hamtazami mtoto, au humtazama kwa hofu tupu. Hujiona mama mbaya. Wakwe husema ni mvivu, au hapendi kunyonyesha, au amepata kiburi. Hawezi kujitetea, kwa sababu yeye mwenyewe anayaamini hayo.

Iko hali nyingine, si ya wengi, mmoja au wawili hivi katika kila uzazi 1,000, lakini ni ya hatari kubwa. Huja ghafla, mara nyingi katika majuma mawili ya kwanza. Mama halali kabisa, husema maneno yasiyoeleweka, huona vitu visivyokuwapo, au hudai kwamba mtoto si wake au kwamba mtoto ni mwovu. Hiyo si habari ya kungoja Jumatatu. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, yeye na mtoto wakiwa na mtu wa kuwaangalia kila dakika. Ugonjwa huo hutibika, na mama hurudi katika hali yake. Akina mama wa Umoja, ninyi ndio mnaoingia chumba cha mzazi kabla ya mtu mwingine yeyote. Mnapokwenda na zawadi yenu ya khanga na sabuni, mwulizeni mtoto anaendeleaje, kisha mwulizeni na mama, kwa jina lake mwenyewe, yeye analalaje.

Katika umri wa kati, mawazo mengi huja na madeni, ndoa na kazi, nasi hatutasema sana hapo kwa kuwa benchi la Harare limekwisha kusema.

Lakini mzee je? Wazee wote husahau kidogo. Kusahau mahali ulipoweka ufunguo ni uzee; kuushika ufunguo mkononi usijue ni wa kazi gani ni ugonjwa. Zamani tulidhani ugonjwa huu wa kupoteza kumbukumbu ni wa Wazungu. Utafiti uliofanywa vijijini katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kutangazwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba katika kila wazee 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, sita hivi walikuwa nao. Tena kwa kuwa watu wetu sasa wanaishi miaka mingi zaidi, tutauona zaidi.

Dalili zake huleta ugomvi katika familia kabla hazijaleta huruma. Babu husema mkwe ameiba fedha zake, kumbe amezificha mwenyewe akasahau. Bibi hutoka usiku akizunguka nyumba za watu, akitafuta nyumba ya baba yake aliyekufa zamani. Katika sehemu nyingine za nchi yetu, bibi kizee anayeonekana nje usiku akisema peke yake aweza kuitwa mchawi, na wote twajua wazee wamefanywa nini kwa neno hilo. Ni jambo la kutisha kwamba mgonjwa auawe kwa sababu ya dalili za ugonjwa wake. Basi watoto wa mzee wa namna hiyo wawaambie majirani waziwazi: "Mama yetu ni mgonjwa wa kusahau, mkimwona usiku mshikeni mkono mtuletee." Kwa kusema hivyo mara moja huenda wakamwokoa kuliko kwa kumfungia mlango.

Dawa ya kuuondoa ugonjwa huo bado haijapatikana. Yako ya kufanya hata hivyo. Apimwe shinikizo la damu na masikio, maana vyote viwili huongeza hatari. Siku zake ziwe na utaratibu ule ule, taa iachwe usiku njiani kuelekea choo, na akisema jambo lisilo kweli asibishwe. Akimwulizia marehemu mume wake, usimwambie kila siku kwamba amekufa, kwani kila siku atafiwa upya. Mwambie akueleze habari zake. Na yule binti au mkwe anayemwuguza apate siku moja katika juma ya kwenda sokoni, kusuka nywele, au kulala tu. Watu husifu uvumilivu wake bila kumpokea kazi hata saa moja.

MWILI UNAOJIFANYA AKILI

Kabla ya kusema kwamba mtu amerukwa na akili au ametupiwa jini, apimwe mwili. Malaria iliyopanda kichwani humfanya mtu aseme ovyo na kupigana. Homa ya uti wa mgongo pia, kadhalika sukari iliyoshuka kwa mwenye kisukari. Mlevi aliyeacha pombe ghafla aweza, baada ya siku mbili au tatu, kutetemeka na kuona wadudu ukutani, naye aweza kufa asipotibiwa. Kwa hiyo mtu mzima aliyekuwa mzima jana na leo haeleweki, hasa akiwa na homa, njia yake ni moja, nayo ni ya hospitali. Kila saa anayokaa kwa mganga akifukizwa ni saa iliyopotea.

Kifafa nacho huchanganywa na wazimu au mapepo, ingawa ni ugonjwa wa ubongo kama vile pumu ilivyo ugonjwa wa mapafu. Kule Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960 akaona kwamba wagonjwa waliokuwa wametengwa, wakiogopwa hata kuguswa wanapoanguka motoni, waliweza kukaa bila kuanguka walipokunywa vidonge kila siku. Povu lao halimwambukizi mtu.

TUKIOGOPA KWAMBA ATAJIUA

Wengi huogopa kulitaja neno hili, wakidhani kumwuliza mtu ni kumfundisha. Sivyo. Madaktari wamelichunguza jambo hili, nao wanasema kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Uliza kwa upole, lakini kwa maneno ya wazi: "Je, umefika mahali pa kutaka kufa? Umewaza kujiua?" Akikubali, usimhubirie na usimtishe. Usimwache peke yake. Mtu mmoja akae naye, mwingine atafute usafiri wa kwenda kituo cha afya. Usikubali kuahidi kwamba utaitunza siri hiyo.

Na ndani ya nyumba viondolewe vitu vya hatari, hasa sumu za shambani na vidonge vingi vilivyobaki. Hili si jambo dogo. Kule Sri Lanka serikali katika miaka ya 1990 ilipiga marufuku dawa za mimea zenye sumu kali kuliko nyingine, na katika miaka 20 hivi kiasi cha watu wanaojiua kikashuka kwa zaidi ya nusu. Shida za maisha hazikwisha Sri Lanka. Sumu tu ilikuwa mbali na mkono katika ile saa mbaya, na saa mbaya hupita. Sumu ya pamba au ya kahawa isikae chini ya kitanda. Ifungiwe stoo, ufunguo ukae kwa mtu mwingine.

MGONJWA ALIYERUDI NYUMBANI

Dawa za kutuliza wagonjwa wa akili zilianza kutumika Paris mwaka 1952, na tangu hapo watu wengi ambao wangeishi wamefungwa wamekaa nyumbani kwao. Siku hizi dawa za namna hii hupatikana katika hospitali za wilaya, wala si lazima kila mtu asafiri hadi Dodoma. Lakini ziko kero mbili. Dawa za sonona huchukua majuma mawili hadi manne, na pengine zaidi, kabla ya kuonyesha kazi yake, na watu hukata tamaa juma la kwanza. Kisha mgonjwa akipata nafuu, jamaa husema amepona, aache vidonge. Miezi mitatu baadaye amerudi alikokuwa. Dawa nyingine humfanya mtu atetemeke, akakamae shingo, au asinzie mchana. Hiyo ni sababu ya kurudi kwa daktari apunguziwe au abadilishiwe dawa, wala si sababu ya kuzitupa.

Na maombi je? Hatuoni ugomvi. Hakuna padre anayemwambia mgonjwa wa kisukari atupe sindano kwa sababu ameombewa. Anayemwambia mgonjwa wa akili aache vidonge ili aonyeshe imani anachukua mzigo ambao hatakuwapo kuubeba usiku ule mgonjwa atakaporudiwa. Wala hatukubali kwamba mtu afungwe mnyororo kwenye mti kwa ajili ya maombezi. Mtu akifungwa huumia vifundo, hudharaulika mbele ya watoto wake, na ugonjwa unabaki vile vile.

Zaidi ya vidonge liko jambo la ndimi zetu. Kule London, George Brown na wenzake waliwafuatilia wagonjwa waliotoka hospitali wakarudi kwa jamaa zao, na mwaka 1972 walitangaza waliyoyaona. Waliorudi katika nyumba za kulaumiwa na kufokewa, au za kuingiliwa kwa kila jambo dogo, waliugua tena kwa wingi kuliko waliorudi katika nyumba za utulivu. Hatusemi jamaa ndio wanaomtia mtu ugonjwa. Mzigo huo wamebebeshwa sana bila haki. Ila kijana aliyetoka hospitali asiitwe "chizi wetu" hata kwa mzaha. Apewe kazi anayoiweza, kuchota maji au kuchunga mbuzi wawili, kisha aongezewe. Na asiulizwe mara kumi kwa siku kama amekunywa dawa. Aulizwe mara moja, na mtu mmoja aliyekubaliwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Watu wa kwetu huwaitaje wagonjwa wa akili? Ni majina gani kati ya hayo ambayo ungekubali aitwe mwanao?

2. Mkae wawili wawili. Mmoja aeleze kwa dakika tano jambo linalomsumbua. Mwenziwe asiseme neno, asitoe shauri, asisimulie lake. Kisha mbadilishane. Ni sehemu gani iliyokuwa ngumu?

3. Hospitali iliyo karibu nasi ina siku gani ya kliniki ya akili, na nauli ya kwenda na kurudi ni kiasi gani? Kama hakuna ajuaye, nani ataulizia kabla ya Jumapili ijayo?

4. Katika mtaa wetu, ni nani aliyefiwa, aliyejifungua, au aliyetoka hospitali miezi mitatu iliyopita, ambaye hatujamtembelea tena? Nani atakwenda, na siku gani?